Tangi jipya la samaki: uchafu usioonekana kwa macho

Tangi la samaki huwa hatari zaidi likiwa jipya. Wengi hudhani kinyume. Kioo kinang'aa, changarawe haijashika mwani, maji unayaona mpaka upande wa pili, basi mtu anaamini samaki wake hawezi kupata makao bora kuliko hayo. Nimefuga samaki wa mapambo kwa miaka mingi, nimewasaidia ndugu na majirani kuanzisha matangi yao, na samaki wengi niliowaona wakifa walifia kwenye maji maangavu kabisa. Kilichowaua hakikuwa na rangi. Kiliingia na ndoo, au na maji ya bomba, au kilijibanza chini ya jani, au kilivutwa kutoka kwenye hewa ya chumbani, au kilizaliwa humo humo tangini baada ya samaki kuwekwa.

Tangi ninalolipenda kuliko yote nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa akihama. Lilikuwa limekaa stoo muda mrefu. Pale maji yalipokuwa yakiishia palibaki mstari mweupe wa chokaa, mgumu, haukwaruziki kwa ukucha. Chini kulikuwa na changarawe kavu iliyogandamana. Mzee akaniambia, "Lisugue na sabuni, mwanangu, litarudi jipya." Nikamshukuru, lakini sabuni sikuileta karibu. Sabuni kazi yake ni kuondoa mafuta na utelezi, na mwili wa samaki umefunikwa na ute ambao ndio ngao yake dhidi ya vijidudu. Sabuni ikibaki hata kidogo kwenye silikoni ya pembeni, ile gundi inayounganisha vioo, inarudi majini polepole na kushambulia ute huo pamoja na ngozi laini ya matamvua, pale samaki anapovutia hewa.

Kabla sijalibeba nilimuuliza swali ambalo humuuliza kila anayenipa chombo kilichotumika: "Mzee, samaki wa mwisho waliumwa nini, na uliwatibu na nini?" Akakumbuka vidoa vyeupe na dawa ya rangi ya buluu. Baadhi ya dawa za buluu za samaki zina shaba. Shaba hutibu vimelea vizuri, ila hushikamana na mawe na changarawe zenye chokaa, na baadaye inaweza kurudi majini. Samaki wengi huvumilia kiasi kidogo, lakini kamba na konokono hufa kwa kiwango ambacho samaki hata hakisikii. Kwa kuwa nilitaka kufuga kamba, changarawe yote niliitupa. Hapo hapakuwa na la kufikiri mara mbili. Changarawe mpya inapatikana, ila kujua kwa hakika kilichomo kwenye ya zamani ni kazi ngumu.

Chokaa niliiondoa kwa siki nyeupe. Unalowesha kitambaa, unakilaza juu ya ule mstari, unakiacha kama saa moja. Ukikiinua unaona viputo vidogo vidogo vikichemka kwenye kioo, na ile chokaa iliyokuwa ngumu inakuja kwa kukwangua na kadi ya plastiki. Siki ikisuuzwa inaondoka yote, haiachi kitu cha kuogopa. Baada ya kusuuza sana, na tangi likiwa halina tena harufu ya siki, ndipo nikaingia kwenye vijidudu. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu siki ikikutana na dawa ya klorini ya kufulia hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu ya mtu. Viwili hivyo visikutane kabisa, hata kwenye ndoo moja.

Dawa ya klorini isiyo na manukato, sehemu moja kwa maji sehemu 20, huua vijidudu vingi kwa robo saa. Kisha nasuuza, natia maji yenye dawa ya kuondoa klorini, nasuuza tena, halafu naacha tangi likauke kabisa. Kukauka nako ni tiba, maana vimelea vingi vya samaki haviishi bila maji. Lakini kuna bakteria mmoja ambaye klorini haimtishi sana: Mycobacterium marinum, ndugu wa yule anayeleta kifua kikuu kwa binadamu. Alitambuliwa mwaka 1926 na Joseph Aronson, kutoka kwa samaki waliokufa kwenye tangi la maonyesho Philadelphia. Samaki wenye maradhi hayo hukonda, mgongo hupinda, vidonda havifungi. Nikiwa na shaka naye, nafuta kioo kikavu kwa spiriti ya asilimia 70, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali.

Bakteria huyo huingia pia kwa mtu mwenye mchubuko mkononi. Hutokea uvimbe mdogo kidoleni au juu ya kiganja, hauumi sana, hauponi, na baada ya wiki nyingi unaweza kupanda kufuata mkono. Daktari asiyeambiwa habari za samaki anaweza kutibu kitu kingine kwa muda mrefu. Basi mwenye kidonda avae glovu, asinyonye mpira wa maji kwa mdomo, na akienda hospitali na uvimbe wa aina hiyo aseme waziwazi kwamba anafuga samaki.

Maji ya bomba yana mitego yake. Klorini inayowekwa ili sisi tunywe salama huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wazuri wa tangi. Ushauri wa siku nyingi ni kuyaacha maji kwenye ndoo wazi usiku kucha, na kwa klorini ya kawaida unasaidia, hasa pampu ya hewa ikiwa inatoa viputo majini. Tatizo ni kwamba mitambo mingi ya maji siku hizi hutumia kloramini, yaani klorini iliyofungamana na amonia, nayo haipotei kwa kusubiri usiku mmoja. Thiosalfeti ya sodiamu, dawa ya kawaida ya kuondoa klorini, huivunja, lakini ikishavunjwa amonia inabaki majini. Kwa hiyo nachagua dawa ya maji inayotaja kloramini na amonia kwenye maelezo yake, na natia kipimo cha maji yote ninayoongeza. Maji ya moto ya bombani siyatumii, kwa kuwa huyeyusha zaidi shaba na madini mengine ya mabomba. Asubuhi naacha bomba litiririke kidogo kwanza, maana maji yaliyolala kwenye mabomba ndiyo yenye madini mengi.

Ndoo ya samaki iwe ya samaki tu. Niliyo nayo nimeiandika ubavuni kwa kalamu isiyofutika, na nyumbani kila mtu anajua haipigiwi deki wala kufulia.

Sasa hewa. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Jirani yangu alinigongea jioni moja, anahema: samaki wake wanajigonga kwenye kioo, wengine wanazunguka kama waliolewa. Maji aliyapima, yalikuwa sawa. Nilipoingia sebuleni nikanusa dawa ya mbu. Ilikuwa imepulizwa muda si mrefu, madirisha yamefungwa, na pampu ya hewa iko kwenye rafu chini ya tangi, inavuta hewa ile ile na kuisukuma majini viputo kwa viputo. Dawa nyingi za kupuliza wadudu zina pairethroidi, kundi la sumu za wadudu ambalo mwili wa mtu huweza kulivunja haraka lakini samaki hawezi. Mikrogramu chache kwa lita zinatosha kuwaua. Tulizima pampu, tukafungua madirisha, tukabadilisha sehemu kubwa ya maji na kutia mkaa maalumu wa kuchujia. Wachache walipona, wengi hawakupona, na mtoto wake aliyekuwa amewapa majina alikaa mbele ya kioo mpaka akalazimishwa kwenda kulala.

Tangu hapo, kila ninapoombwa ushauri wa mahali pa kuweka tangi, swali langu la mwanzo ni la hewa: chumba hiki hupulizwa dawa? Kinapakwa rangi karibuni? Mbwa au paka amepakwa dawa ya viroboto? Mkono uliompapasa mnyama huyo usiingie tangini kabla ya kuoshwa na kusuuzwa sana. Mafuta ya kujipaka kuzuia mbu yana hatari hiyo hiyo.

Mawe na magogo nayapitia upesi. Jiwe unalidondoshea siki. Likitoa povu lina chokaa na litaongeza ugumu wa maji, jambo linalofaa kwa samaki fulani na kuwadhuru wengine. Gogo unalichemsha au kuliloweka mpaka lizame. Rangi ya chai linayotoa haina ubaya, na utando mweupe unaoota juu yake wiki za mwanzo hauna haja ya dawa, konokono wataula. Silikoni ya kuzibia iwe isiyo na dawa ya ukungu. Ile ya bafuni mara nyingi inayo.

Hayo yote ni uchafu unaotoka nje. Ule unaoua samaki wengi zaidi kwenye tangi jipya hauingii kutoka popote. Samaki anapumua, anakula, anakunya, chakula kilichobaki kinaoza, na katika yote hayo amonia inatoka. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria kama Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa naitraiti, na Nitrospira huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huvumilia na mimea huila. Kwenye tangi jipya bakteria hao hawapo, au ni wachache mno. Huchukua wiki nne hadi sita kujenga makundi yao kwenye sponji ya chujio, kwenye changarawe na kwenye kioo, na penye baridi huchukua muda zaidi.

Amonia nayo haina ukali mmoja. Majini iko kwa sura mbili, na yenye sumu kali ni ile isiyo na chaji. Kwa nyuzi 25, maji ya pH 7 (pH ni kipimo cha uchachu wa maji) huwa na sura hiyo kwa kiasi cha nusu asilimia tu ya amonia yote. Yakifika pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Ndiyo maana watu wawili wenye kipimo kile kile cha amonia wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa, mmoja samaki wake wanacheza na mwingine wanahema juu ya maji. Naitraiti huua kwa njia nyingine: inaingia kwenye damu na kuigeuza kahawia, damu haibebi tena oksijeni, samaki anakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa tele. Ukimfunua mfu huyo matamvua, badala ya wekundu unakuta rangi ya matope. Chumvi kidogo ya kawaida husaidia, kwa sababu kloridi yake hushindana na naitraiti kwenye mlango wa matamvua, ila hiyo ni ya kununua muda tu, maji lazima yabadilishwe.

Njia ninayoitumia ni kulikomaza tangi kabla ya samaki. Nawasha chujio na kipasha joto, natia punje chache za chakula cha samaki zioze, au matone ya amonia safi isiyo na manukato wala sabuni. Chupa ya amonia unaitikisa. Povu likikaa juu, ina sabuni, iache. Kisha napima. Amonia inapanda, halafu inashuka huku naitraiti ikipanda, halafu nayo inashuka na naitreti inaanza kuonekana. Siku ambayo amonia niliyotia jana imekwisha na naitraiti ni sifuri, tangi liko tayari kupokea samaki wachache. Wachache kweli, kwa sababu bakteria wapo kwa kadiri ya chakula walichozoea.

Katikati ya safari hiyo binamu yangu alinipigia simu kwa hofu. "Kaka, maji yamekuwa kama maziwa, nimwage yote nianze upya?" Nikamwambia asimwage. Ukungu ule mweupe ni bakteria wa aina nyingine, walaji wa mabaki, wanaozaliana haraka maji yakiwa na chakula kingi. Ukimwaga kila kitu na kusugua kila kona, unawaondoa hata wale uliokuwa ukiwasubiri, na ukungu unarudi. Alipunguza chakula, akaongeza hewa, akaacha chujio lifanye kazi, na baada ya siku chache maji yakakaa sawa. Usafi wa tangi una tofauti kubwa na usafi wa nyumba. Sponji ya chujio inasuuzwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, inakamuliwa mpaka maji yapite, na kubaki na kahawia yake. Anayeitakasa kwa maji ya bomba yenye klorini anaua alichokijenga kwa wiki nyingi.

Kuna njia ya mkato nzuri, kuomba kipande cha sponji kutoka tangi lililokomaa la mtu mwingine. Naipenda, ila sponji ikibeba bakteria wazuri inabeba na vimelea vya huko. Naichukua kwa mtu ambaye samaki wake nimewaona kwa macho yangu, wazima, na hajaongeza mgeni karibuni.

Mimea ndiyo mlango mkubwa wa wasioalikwa. Kila shada ninaloleta nalitandaza kwenye sinia jeupe chini ya taa na kugeuza jani moja moja. Mayai ya konokono yako upande wa chini: kibonge cha ute unaong'aa, na ndani yake nukta nyingi zilizopangana, ambazo zikikaribia kuanguliwa unaona gamba dogo likizunguka ndani ya kila moja. Nimekuta pia haidra, uzi mfupi wa kijani wenye mikono laini inayonywea ukiugusa, na tunutu wa kereng'ende, ambaye mwanzo ni mdogo na akikua hula samaki wachanga na kamba. Baada ya kukagua naloweka mimea kwenye maji ya shabu, au pamanganeti ya potasiamu hafifu kwa dakika 10, kisha nasuuza vizuri. Mimea yenye majani magumu huvumilia maji ya klorini kwa dakika mbili; laini huungua. Dawa za kuua konokono zilizotengenezwa kwa shaba siziingizi tangini kwa sababu nilizozieleza.

Mwaka 2021 nchini Marekani, mipira ya mwani inayouzwa kama pambo la tangi iligunduliwa ikiwa na kome wadogo wenye milia ndani yake, wale wale ambao wameziba mabomba na kuharibu maziwa ya nchi hiyo. Walikutwa kwenye maduka ya majimbo mengi. Mtu aliyenunua mpira mmoja mzuri wa kijani hakuwa na namna ya kujua bila kuupasua au kuuangalia kwa makini sana.

Pamoja na hayo, konokono wachache siwachukii. Mkemia Robert Warington wa London, alipokuwa akijaribu kutunza samaki wawili wa dhahabu na mmea mmoja bila kubadilisha maji, aliona majani yaliyooza yakiharibu maji na utelezi ukitanda. Alichofanya ni kuongeza konokono wa bwawani, wakala uozo ule, na mwaka 1850 akatoa ripoti yake. Wakiongezeka kupita kiasi, mara nyingi chakula ndicho kingi. Punguza chakula, nao watapungua.

Samaki wapya hukaa karantini kwenye chombo chao kidogo kwa wiki nne, na wavu wao na mpira wao. Maji ya mfuko waliokuja nao hayaingii tangini. Nawachota kwa wavu na kuyamwaga. Sababu kubwa ni ugonjwa wa vidoa vyeupe. Kimelea chake kikishiba huanguka kutoka kwa samaki, kinajifunika chini, kinagawanyika, na kimoja hutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine ndani ya siku mbili hivi. Vidoa vinapotoweka watu hushangilia kwamba amepona, kumbe ndipo wimbi la pili linapoandaliwa mchangani. Kwa nyuzi 25 mzunguko wote ni takriban wiki moja, hivyo wiki nne hukupa nafasi ya kuuona ukijirudia kabla haujaingia kwenye tangi kubwa.

Na kinachotoka tangini nacho nakichunga. Mwaka 1984 kipande cha mwani wa matangini, Caulerpa taxifolia, kilionekana baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco; baadaye mwani huo ukasambaa pwani za Ufaransa na Italia, na mwaka 2000 ukakutwa California, ambako kuung'oa kulichukua miaka. Maji ya tangi langu lisilo na chumvi wala dawa yanaenda kwenye maua ya bustani, mbali na mtaro wowote unaofika mtoni. Mimea ninayopunguza, pamoja na konokono na mayai niliyoyakwangua, naianika juani mpaka ikatike mkononi, ndipo naitupa na takataka nyingine.